UFUNGUO USIKAE MFUKONI MWA MMOJA
Somo la vikundi: tunayoweza kujifunza kwa mume na mke wageni walioishi miaka mingi mashambani Ufaransa

KWA KIONGOZI WA SOMO
Somo hili ni la mikutano miwili. Siku ya kwanza someni mpaka mwisho wa sehemu ya 4, kisha mjadiliane. Siku ya pili malizeni. Asomaye asome kwa sauti na polepole, maana kuna wazee na kuna wasioweza kusoma, na maswali ni ya wote. Kila nyumba ije na karatasi moja na kalamu.

1. KWA NINI TUSOME HABARI ZA MBALI HIVI?


Pengine mtu atauliza, sisi tuna shida zetu za maji na mbolea, mambo ya Wazungu wa Ufaransa yanatuhusu nini? Swali ni zuri. Jibu ni hili. Mtu anayeishi kwao ana ndugu, ana ukoo, ana shangazi wa kumshauri. Akisahau kupanga jambo, ukoo unamfunika. Lakini mume na mke wanaoishi ugenini hawana wa kuwafunika. Kosa lao dogo linaonekana wazi, kama mtu aliyetoka nje bila shuka. Kwa hiyo ukiwatazama wao unaona makosa ambayo hata sisi tunafanya, ila kwetu yanafichwa na ukoo mpaka siku ya msiba.

Tena siku hizi hata hapa kwetu wengi wanaishi mbali na kwa baba zao. Kuna waliouza shamba Nyeri wakanunua Laikipia. Kuna waliotoka bara wakakaa Lamu. Hao nao ni wageni kwa namna yao.

Mume na mke tutakaowazungumzia hapa ni wa mfano. Hawana jina. Lakini sheria na desturi tutakazozitaja ni za kweli, na mambo yaliyowapata yamewapata wengi.

2. NI WAGENI GANI HAWA?
Tuseme ni Waingereza waliostaafu. Mwaka 2004 waliuza nyumba yao ndogo mjini kwao wakanunua nyumba ya mawe katika kijiji cha Creuse, katikati ya Ufaransa. Hawakuwa peke yao. Mwaka 2016 Waingereza walioishi Ufaransa walikuwa karibu 150,000, na kama robo yao walikuwa katika jimbo la Nouvelle-Aquitaine, ambamo Creuse imo.

Kwa nini nyumba huko zilikuwa za bei nafuu? Sababu mtaielewa upesi. Vijana waliondoka. Tangu zamani wanaume wa Creuse walikwenda Paris kufanya kazi ya uashi, na wengi hawakurudi. Leo wilaya nzima ina watu wapatao 115,000 tu. Ukipita kijijini unaona madirisha yamefungwa, na wazee wawili watatu wamekaa juani. Wanaobaki wanafuga ng'ombe wa nyama, wale wa rangi ya hudhurungi wanaoitwa Limousin. Kumbe hata huko mji unakula kijiji!

3. SIKU YAO INAVYOKWENDA
Msidhani maisha ya Mzungu shambani ni ya kukaa kitako. Wakati wa baridi kazi ya kwanza asubuhi ni moto. Kuni hununuliwa kwa mita za ujazo na hukaa mwaka mmoja na nusu au miwili zikikauka kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo kuni za baridi ya mwaka huu ni za kupangwa tangu mwaka juzi. Bomba la moshi lazima lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na risiti iwekwe. Nyumba ikiungua, watu wa bima watauliza risiti hiyo.

Halafu kuna maji machafu. Kijiji hakina mfereji mkubwa wa taka, basi kila nyumba ina tangi lake ardhini. Mkaguzi wa serikali ya mtaa huja kulitazama. Ukitaka kuuza nyumba, unatakiwa kuonyesha ripoti ya ukaguzi isiyozidi miaka mitatu. Tangi likiwa bovu, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kulitengeneza, na bila shaka atakupunguzia bei.

Duka la karibu liko kilomita nane. Mchana saa sita linafungwa mpaka saa nane, na Jumatatu huenda lisifunguliwe kabisa. Soko ni siku moja kwa juma. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa sita adhuhuri, king'ora hulia nchi nzima kwa majaribio, na mgeni asiyejua hushtuka akadhani ni vita. Toka Septemba mpaka mwisho wa Februari kuna uwindaji, kwa hiyo anayetembea msituni Jumapili huvaa nguo ya rangi kali aonekane.

Hayo yote si mabaya. Ni maisha tu. Lakini tazameni: kila jambo lina mtu anayelijua. Kuni zina mwenyewe. Tangi lina mwenyewe. Risiti zina mwenyewe. Jambo hilo liwekeni akilini, tutalirudia.

4. MGENI ANAVYOGEUKA KUWA JIRANI
Huko Ufaransa ukiingia dukani au kwa daktari bila kusalimu, umetukana watu. Kwanza salamu, ndipo useme haja yako. Mzungu wa mjini amezoea kusema haja tu, halafu analalamika kwamba wanakijiji ni wakali. Kwani si ni sawa na kwetu? Nani atampa maji mtu anayeingia bomani bila hodi?

Jambo la pili ni ofisi ya meya. Ufaransa ina mitaa karibu 35,000 yenye meya na baraza lake, na zaidi ya nusu ya mitaa hiyo ina watu chini ya 500. Kwa hiyo meya si mkubwa wa kuogopwa. Ni mkulima jirani, unaweza kumkuta juu ya trekta. Mgeni mwenye busara huenda kumwona juma la kwanza, kama vile kwetu mgeni anavyokwenda kwa mzee wa kijiji.

La tatu ni vikundi. Tangu sheria ya tarehe 1 Julai 1901, watu wawili tu wanatosha kuanzisha chama Ufaransa na kukiandikisha. (Kwetu, chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, wanatakiwa watu wasiopungua kumi.) Kwa hiyo hata kijiji kidogo kina kikundi cha sherehe, cha kwaya, cha wazee, cha wawindaji. Hata wazima moto, karibu wanane katika kila kumi nchini ni watu wa kujitolea, mwokaji mikate au mkulima anayeacha kazi yake king'ora kikilia. Mwisho wa mwaka hupita nyumba kwa nyumba na kalenda, na kila mtu hutoa chochote. Hiyo ni harambee yao.

Mke wa mfano wetu aliingia kwaya. Mwanzoni alikuwa akifungua mdomo tu bila kujua maneno. Baada ya miaka miwili alikuwa anazungumza Kifaransa cha kijijini, chenye makosa lakini chenye marafiki. Mumewe hakujifunza. Alisema, "Wewe unajua, inatosha." Hapo ndipo mbegu ya taabu ilipopandwa.

MASWALI YA SIKU YA KWANZA
(a) Katika kijiji chetu, mtu aliyehamia hutambulishwa na nani, na wapi?
(b) Je, kikundi chetu kina mwanachama yeyote ambaye si wa ukoo wa hapa? Alikaribishwaje?
(c) Katika nyumba yako, ni kazi gani ambayo mwenzako hajawahi kuifanya hata siku moja?

5. KAZI ZILIVYOGAWANYWA
Sasa tuwatazame ndani ya nyumba. Mke alikuwa na ulimi. Yeye ndiye aliyezungumza na meya, daktari, fundi na majirani. Mume alikuwa na mikono na makaratasi. Yeye aliendesha gari, alipasua kuni, alijua tangi liko wapi na linafunguliwaje. Bili za umeme, maji na simu zilikuwa kwa jina lake. Akaunti ya benki ilikuwa yake, na mke alipewa pesa za soko.

Kila mtu aliyewaona alisema, tazama walivyopatana! Na ni kweli walipatana. Kugawana kazi si kosa. Jembe moja halishikwi na watu wawili kwa wakati mmoja. Lakini kuna tofauti kati ya kugawana kazi na kugawana ujuzi. Kazi mnaweza kugawana. Ujuzi mkiugawa nusu kwa nusu, kila mmoja wenu ni nusu mtu siku mwenzake akikosekana.

Dalili ya kwanza ilikuja na siasa. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura kutoka katika Umoja wa Ulaya, na tarehe 31 Januari 2020 wakatoka. Kabla ya hapo Mwingereza aliishi Ufaransa bila kibali. Aliweza hata kupiga kura ya kijiji na kuchaguliwa diwani, na madiwani Waingereza walikuwa zaidi ya 700. Kufikia uchaguzi wa Machi 2020 hawakuruhusiwa tena kusimama wala kupiga kura. Na kuanzia tarehe 1 Januari 2022 ilikuwa lazima kila Mwingereza aliyeishi huko awe na kadi ya ukaaji.

Angalieni, kadi ni ya kila mtu, si ya nyumba. Na kila mtu alitakiwa kuonyesha karatasi kwamba ameishi huko. Mume alikuwa na bili za miaka kumi na saba. Na mke? Jina lake halikuwa mahali popote. Alijulikana na kijiji kizima, lakini kwenye karatasi ni kama hakuwahi kuishi pale. Walihangaika miezi. Kilichomwokoa ni barua za daktari na kitabu cha michango ya kwaya, ambacho katibu alikuwa ameandika jina lake kila mwaka. Katibu wa kikundi, unasikia? Kitabu chako kinaweza kuwa ushahidi wa mtu.

Walipopata kadi walicheka, wakasahau. Hawakubadilisha kitu.

6. USIKU MMOJA WA JANUARI
Mwaka 2023, usiku wa baridi, mume alianguka jikoni. Mke alipiga simu namba 15, ambayo ni ya dharura ya hospitali Ufaransa. Kwa sababu alijua lugha, alieleza vizuri njia ya kufika, na gari likaja. Hapo ulimi wake uliokoa muda. Lakini hospitali iko kilomita arobaini, na yeye alikuwa hajashika usukani miaka kumi na tano. Jirani mfuga ng'ombe alimpeleka kila siku baada ya kukamua maziwa ya nyumbani, mpaka siku ya kumi, mume alipofariki.

Majirani walizika naye, wakaleta supu, wakampasulia kuni. Kijiji hakikumwacha. Lakini kuna mlango ambao jirani hawezi kukufungulia.

Benki. Akaunti ya mtu mmoja hufungwa benki ikijua kwamba amekufa, mpaka mambo ya urithi yaende. Akaunti ya pamoja kwa kawaida huendelea. Yao haikuwa ya pamoja. Mjane akabaki na pesa za mkobani.

Nyumba. Mume alikuwa na watoto wawili wa ndoa ya kwanza, na hakuandika wosia. Kwa sheria ya Ufaransa watoto hawawezi kunyimwa urithi kabisa. Mwenye mtoto mmoja lazima nusu ya mali yake imfikie mtoto, wenye wawili theluthi mbili, wenye watatu au zaidi robo tatu. Na ikiwa wako watoto ambao si wa mke huyo, mke hupata robo ya mali ya mumewe.

Chukueni mkate mkaukate vipande 8, muone. Nyumba waliinunua pamoja, kwa hiyo vipande 4 ni vya mke tangu mwanzo. Vipande 4 vya mume vinagawanywa: kimoja kinakwenda kwa mke, vitatu kwa watoto wake. Basi mjane ana vipande 5 kati ya 8. Ni vingi. Lakini hawezi kuiuza nyumba bila sahihi za watoto wale, na watoto wale wako Uingereza na hawajazungumza naye miaka.

Sheria hiyo hiyo inamlinda pia. Mjane ana haki ya kukaa bure katika nyumba hiyo kwa mwaka mmoja. Anaweza pia kuomba kukaa mpaka mwisho wa maisha yake, lakini lazima aseme hivyo ndani ya mwaka huo mmoja. Asiposema, nafasi imepita. Ni wajane wangapi waliokaa kimya kwa huzuni, au kwa sababu karatasi zote alizijua marehemu?

Wa mfano wetu aliambiwa na rafiki wa kwaya, mwezi wa kumi na moja. Alifika kwa mwanasheria wa hati zikiwa zimebaki juma tatu. Yuko mle nyumbani mpaka leo. Jirani alimfundisha upya kuendesha gari kwenye barabara ya shamba, na tangi la maji machafu sasa analijua mwenyewe.

Na kama angetangulia mke? Mume angebaki na gari na benki, lakini bila ulimi. Angeletewa barua ya daktari asijue imesema nini. Jirani angesimama mlangoni, waangaliane, waagane. Yeye naye angekuwa nusu mtu.

7. TURUDI KWETU
Haya, ya Ufaransa tumesikia. Tujiulize wenyewe bila aibu.

Nyumbani: mama anajua baba ana deni wapi? Baba anajua dawa ya mtoto wa pumu ni ipi na hupewa saa ngapi? Hati ya shamba iko wapi, na iko kwa jina la nani? Ikiwa bado ni la babu aliyekufa, nani ameanza safari ya mahakama? Sheria yetu ya urithi ilianza kutumika mwaka 1981 na inamtambua mjane, lakini mjane asiyejua kuna akaunti gani na shamba gani ataomba nini?

Kikundini: daftari la mikopo liko kwa katibu peke yake? Simu ya kupokea pesa za kikundi ina namba ya siri inayojulikana na mweka hazina tu? Pampu ya maji ikiharibika, ni kijana mmoja tu anayeweza kuifungua, naye yuko Mombasa? Kikundi cha namna hiyo si kikundi. Ni mtu mmoja amezungukwa na watazamaji.

Tusielewe vibaya. Hatusemi watu wasiaminiane. Anayemfundisha mwenzake hajamtilia shaka, amemheshimu. Na mweka hazina mwaminifu ndiye wa kwanza kufurahi mwingine akijua hesabu, kwa maana siku pesa zikipungua hatasimama peke yake.

8. KAZI YA KUFANYA
Kwanza, karatasi ya nyumba. Mume na mke wakae pamoja waandike: (1) hati ya shamba iko wapi na kwa jina la nani, (2) akaunti, sako na vyama tulivyomo, (3) tunaowadai, (4) wanaotudai, (5) mrithi tuliyemwandikisha katika kila chama, (6) dawa za nyumbani, (7) mafundi wa kuitwa, (8) vitambulisho na vyeti vya watoto viko wapi. Namba za siri MSIANDIKE. Karatasi ikiibwa, pesa zimekwenda. Inatosha kuandika kwamba akaunti ipo na iko wapi. Asiye na mwenzi amwite mtoto mkubwa au ndugu anayemwamini.

Pili, juma la kubadilishana. Juma moja kila mwezi, kila mtu ashike kazi ya mwenzake. Baba apike na kupeleka mtoto kliniki, mama auze maziwa na kulipa bili. Mtacheka, mtaunguza ugali, lakini mtajua.

Tatu, kikundi kichague msaidizi wa kila kiongozi. Msaidizi akae karibu na mwenye kazi, na mkutano mmoja kati ya minne aendeshe yeye. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi watatu.

MASWALI YA SIKU YA PILI
(a) Kitabu cha kwaya kilimsaidiaje mke? Je, vitabu vyetu vinaandika majina ya wanawake wanaotoa mchango, au ya waume zao tu?
(b) Majirani waliweza kufanya nini, na hawakuweza kufanya nini?
(c) Mjane wa kijiji chetu akiwa na haki yenye muda maalum, nani atamwambia kabla muda haujaisha?
(d) Mwenyekiti wetu akilazwa kesho, mkutano wa juma lijalo utaendelea?

KUMBUKA
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaongeza: ukishampa jembe, mwonyeshe na ghala liko wapi. Na wewe mwenyewe, mwonyeshe mwenzako, leo mkiwa wazima na mnacheka.

Vikundi vikimaliza kazi hii, tuandikieni mlivyoona. Barua fupi yatosha. Tutaisoma na wenzenu watafaidika.